Amina Iliyogeuka Bmina

Nimestaafu kuchapa chord za gitaa nikiwa na miaka ishirini na sita. Chekeni, mmalize, kisha tuendelee.

Kazi hiyo niliifanya miaka miwili kasoro kidogo, katika chumba cha juu cha duka la kuchapa na fotokopi hapa Nakuru. Niliiacha mwezi uliopita, na sasa nafundisha shule moja upande wa Longonot. Juzi Bwana Kirpal, aliyekuwa boss wangu, alinitumia ujumbe kwamba amepata vijana wawili wa kukalia kiti changu, wote wana digrii, na akaniomba niwaandikie ukurasa mmoja wa maelekezo. Nimejaribu huo ukurasa mmoja mara nne. Kila nikianza na orodha naifuta, kwa sababu orodha inanifanya nionekane mtu aliyejua alichokuwa akifanya. Na nikiacha orodha, hasira inapanda. Basi nawaandikia hivyo hivyo, na hasira yangu. Siwajui majina. Nitawaita ninyi wawili.

Swali lenu la kwanza nalijua hata kabla hamjaliuliza: tutumie programu gani? Nalijua kwa sababu mna digrii, na mwenye digrii akipewa kazi huanza kwa kutafuta kifaa. Mimi nililiuliza swali hilo wiki tatu nzima. Nataka mjue wiki tatu hizo zilikuwa za nani, kwa maana hazikuwa zangu.

Septemba ya mwaka 2007 alipanda ngazi zetu mama mmoja kutoka Mau Narok, amevaa sweta mbili na viatu vyenye udongo mweusi wa shamba la viazi. Jina lake Tabitha. Alikuwa amefundisha chekechea miaka mingi, kwa hiyo kila mtu alimwita Mwalimu, nami pia. Chini ya kwapa alikuwa na kaunta buku nene iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni, na ndani yake nyimbo arobaini na nane, zote alizitunga mwenyewe. Maneno yalikuwa kwa kalamu ya buluu na chord, zile herufi za kumwonyesha mpiga gitaa aweke vidole wapi, kwa kalamu nyekundu juu yake. Huko kwao ana kundi la akina mama wanane wanaopiga gitaa kanisani. Aliwafundisha yeye, mmoja baada ya mwingine, jikoni kwake.

Alinifungulia ukurasa akaweka kidole.

"Unaona hii D? Iko juu ya 'ba' ya kwanza ya Baba. Ikienda juu ya 'ba' ya pili, umeniharibia wimbo. Chord si mapambo, msichana wangu. Ni mahali kidole kinapohama."

Liandikeni hilo mahali. Katika kazi hii yote ni hilo tu. Maneno hata mtoto atayachapa. Herufi nyekundu kuikalisha juu ya silabi yake na isiteleze, hiyo ndiyo kazi.

Kisha akasema jambo la pili, taratibu, kama mtu anayeagiza kilo mbili za sukari. "Macho yangu yana presha. Daktari amenipa matone. Amesema yatazuia kidogo lakini kilichoenda kimeenda. Ikifika Pasaka sijui kama nitakuwa nasoma. Sasa mimi nataka hiki kitabu kichapwe na nikisome chote mara moja, kwa macho yangu, nirekebishe. Baada ya hapo hata nikiwa sioni, nitajua kiko sawa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu. Wiki mbili."

Nilisema wiki mbili. Sauti yangu naisikia hadi leo.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Sikuchapa hata neno moja. Nilichora jedwali.

Nilikusanya programu sita za kutengeneza chati za chord. Nyingine nilizipakua kwa ile modem ya duka iliyokuwa ikilia kama kuku aliyekanyagwa, nyingine nilizipata kwenye diski kwa rafiki wa chuo aliyeapa kwamba ni kamili na hazina kasoro. Jedwali lilikuwa na safu kumi na mbili, na kila programu niliipa alama. Nilipomaliza nilihisi kwamba alama za mwonekano zimepewa uzito mkubwa mno, nikaanza upya. Kisha nikahisi zimepewa uzito mdogo mno.

Moja ilichora viboksi vizuri sana vya vidole kwenye nyuzi, na nukta zake nyeusi, lakini haikuwa na mahali pa kuweka maneno ya wimbo. Nyingine ilipitisha maandishi makubwa ya kijivu kuvuka ukurasa, kukujulisha kwamba hujailipia. Nyingine ilijua karatasi ya Wamarekani peke yake. Ukiipa A4 inameza mstari wa mwisho. Ya nne ilitaka intaneti kila unapoifungua, na mnaijua intaneti yetu. Ya tano ilikuwa na sura mbaya, dirisha la kijivu lisilo na kitufe chochote: unaandika maneno, na kabla ya silabi unaweka chord ndani ya mabano ya mraba, basi, yenyewe inainua chord na kuiweka juu. Ukiongeza neno mwanzoni mwa mstari, chord inasogea pamoja na silabi yake. Hiyo ndiyo ilikuwa jibu. Niliipa nne kwa kumi kwa sababu ya sura. Nne! Ningekuwa nachagua pazia ningeelewa.

Ya saba sikuiingiza hata kwenye jedwali. Ni ile ile programu ya kuandikia barua iliyokuwa kwenye kompyuta tangu siku ya kwanza. Ukichagua zile herufi zenye upana sawa, i na m zinachukua nafasi moja, chord haitelezi, na unaisogeza kwa kubonyeza nafasi. Lakini mimi sikukaa chuo miaka minne nije kubonyeza nafasi. Ndivyo nilivyofikiri. Hasira yangu kwa yule msichana niliyekuwa haijapoa.

Bwana Kirpal alikuwa akipita nyuma ya kiti changu kila asubuhi na kikombe chake cha chai. Huyu ni mzaliwa wa Nakuru, Kalasinga, baba yake alipanga herufi za risasi za kuchapia katika jengo hilo hilo, na akicheka kilemba kinatikisika.

"Digrii, umefika wapi?"

"Bado nalinganisha, Bwana Kirpal."

"Mimi mke wangu nilionyeshwa Jumamosi, Jumapili nikasema ndiyo. Miaka thelathini. Wewe wiki ya tatu unachumbia programu."

"Nataka nisikosee."

"Utakosea tu. Kosea mapema, kuna wakati wa kurekebisha."

Nilidhani ananidharau. Nilikuwa na tabia hiyo, mtu akiniambia jambo la maana nalisikia kama tusi.

Nilichagua ya sita. Ilikuwa na kitufe kikubwa cha buluu: unakibonyeza, na wimbo wote unahama kutoka key moja hadi nyingine, yaani sauti inapanda au inashuka, na chord zote zinabadilika zenyewe. Nilikibonyeza mara ya kwanza nikapiga makofi peke yangu. Hakuna aliyekuwa ameniomba kuhamisha key ya wimbo wowote. Nilikichagua kwa sababu kilinipendeza.

Hapo nitoke kidogo, maana kuna mambo mawili nitayasahau. La kwanza: mteja akitaka chati zake zipigwe plastiki ngumu ili zidumu, mkatalieni. Kijana mmoja wa bendi ya hoteli alinilazimisha. Usiku wa kwanza taa za jukwaani ziliwaka juu ya ile plastiki, hakuona herufi hata moja, akapiga G wimbo mzima. Kesho yake alirudi kunigombeza mimi. La pili: wimbo usivuke kwenda nyuma ya karatasi. Mpiga gitaa mikono yake miwili ina kazi, hana wa tatu wa kugeuzia. Wimbo ukiwa mrefu, weka kurasa mbili zinazotazamana. Haya ni mambo ambayo hakuna programu itakayowaambia, kwa sababu walioitengeneza hawajawahi kusimama mbele ya watu mia mbili na upepo unapeperusha karatasi.

Turudi kwa Mwalimu Tabitha.

Novemba alishuka Nakuru kuchukua matone ya macho, akapanda ngazi zetu. Nilikuwa nimechapa nyimbo thelathini na kitu. Alivuta stuli akaketi karibu na mimi, akasogeza uso hadi pua ikaribie kioo cha kompyuta.

"Nionyeshe hata moja."

"Bado, Mwalimu. Sijaamua herufi za vichwa vya nyimbo."

"Mimi sisomi vichwa. Vichwa nimeviweka mimi. Nitolee moja tu nishike."

"Nitakupa zote pamoja zikiwa safi. Sitaki uone kitu kibaya."

Alinitazama. Wakati ule alikuwa bado ananiona, na mpaka leo sijui aliona nini. Akasema, "Haya, Digrii," maana jina hilo alikuwa ameshalisikia kwa Bwana Kirpal, akateremka zile ngazi akishika ukuta.

Hapo ndipo naomba mkasirike pamoja nami. Mtu ameniambia macho yake yanaisha. Ameomba karatasi moja. Printa iko pale, inawaka. Mimi namnyima kwa sababu ya herufi za vichwa.

Katikati ya Desemba akapiga simu. Mtandao ulikuwa unakatika, nyuma yake kuku wanapiga kelele.

"Digrii! Hizo nyimbo zote ambazo ni Am na Em, sauti iko chini sana kwa akina mama. Pandisha mbili!"

"Nipandishe mbili?"

"Pandisha mbili! Zote!" Simu ikakatika.

Mpiga gitaa yeyote wa huko akisema pandisha mbili, ana maana ya kapo: kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni mwa gitaa. Kikae kwenye chuma cha pili, sauti inapanda, vidole vinaendelea kupiga Am ile ile waliyoizoea. Mwalimu alitaka niandike juu ya kila wimbo: kapo 2. Maneno hayo tu. Ningeweza kumpigia tena kumwuliza. Nilifikiria kumpigia, nikafikiria atanionaje nikionekana sijui maana ya kupandisha, nikafikiria kwamba huenda kuuliza kutamfanya ashuku na mengine. Mtu anayefikiri kila kitu mara kumi, lile la kufikiriwa mara moja lilimpita.

Nilibonyeza kitufe cha buluu. Am ikawa Bm, Em ikawa F sharp minor, zote chord za kulaza kidole cha kwanza juu ya nyuzi zote na kukandamiza, ambazo mtu aliyeanza gitaa mwaka jana atazilia machozi. Lakini hilo lilikuwa nusu tu ya balaa.

Ile programu ilitengenezwa na watu ambao hawakuwahi kuota kwamba kuna lugha yetu duniani. Iliamua yenyewe mstari upi ni wa chord na upi ni wa maneno. Ikikuta mstari ambao kila neno lake linaanza na herufi kubwa kati ya A na G, inasema: hizi ni chord. Sasa fikirieni nyimbo zetu za kanisani. "Baba." "E Bwana." "Emanueli." Nyimbo zote arobaini na nane za Mwalimu Tabitha zinaishia kwa mstari mmoja, peke yake, chini kabisa ya ukurasa: "Amina, Amina."

Am, ikaona. Am, ikaona tena. Ikapandisha mbili.

Bwana Kirpal aliniuliza kabla ya kuchapa nakala arobaini. "Umesoma kutoka chini?"

Hiyo ilikuwa kanuni ya baba yake, na wiki yangu ya kwanza alikuwa amenifundisha: prufu, ile nakala ya kukagulia makosa, husomwa kuanzia mstari wa mwisho kwenda juu, kwa sababu juu kila mtu yuko macho, na chini kila mtu ameshachoka na anasoma anachokijua, si kilichoandikwa.

"Kompyuta imekagua," nilisema.

"Kompyuta inajua kusali?"

Nilicheka kwa adabu. Nilisoma kutoka juu, kurasa zote, mistari ya katikati ilikuwa safi kabisa, maana kila mmoja ulikuwa na neno la herufi ndogo, na kila nilipofika chini jicho langu lilisoma Amina, kwa sababu Amina ndiyo iliyostahili kuwa pale.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi nilipanda mwenyewe Mau Narok na maboksi mawili ya vitabu vilivyobaindiwa kwa waya. Nilivaa vizuri. Nilitaka kuona akifurahi, sitadanganya. Ibada ilikuwa imeshaanza. Vitabu vikagawiwa pale pale, Mwalimu akachukua chake akakipapasa jalada, akasema atakisoma nyumbani kwenye mwanga wa dirisha, akakiweka kitini. Akina mama wanane wakasimama na magitaa yao.

Wanne walikuwa wa zamani, wanajua nyimbo kwa vidole, hawakuangalia kitabu. Wakapiga Am, bila kapo. Wanne walikuwa wapya, watiifu, vitabu vimefunguliwa mbele yao. Wakapiga Bm.

Sitaki kuwaeleza ile sauti. Chukueni magari mawili, myagonganishe polepole, na magari yenyewe yawe yanaimba. Mwalimu aligeuka akawatazama mikono. Mmoja wa wapya, dada mnene anayeitwa Mama Kevo, alikuwa amelaza kidole hadi kimekuwa cheupe.

"Unapiga nini?" Mwalimu alimnong'oneza, na kanisa zima likasikia.

"Ile imeandikwa, Mwalimu!"

"Nani ameandika?"

Waliendelea kwa sababu katikati ya wimbo hakuna mahali pa kukimbilia. Wa zamani wakajaribu kuhamia kwa wapya, wapya wakahamia kwa wa zamani, wakapishana njiani. Wakafika mwisho. Wanne wakaimba Amina. Na Mama Kevo, Mungu ambariki, mtu wa kufuata maandishi, akaimba kwa sauti nzito na safi: "Bii-mina, Bii-mina."

Watoto wa viti vya mbele waliangua kicheko. Kisha mzee mmoja nyuma. Kisha wote. Mhubiri akainamisha uso kwenye Biblia, mabega yanaruka. Alipomaliza maombi alisema amina, na kutoka mahali fulani sauti ya kijana ikajibu, "Bmina!"

Mwalimu Tabitha hakucheka. Alikichukua kitabu kitini, akatafuta ule ukurasa, akausogeza hadi puani, akausoma. Alikuwa anaona bado kidogo. Kitu alichokiona katika kitabu chake, kwa macho yake mwenyewe, ni hicho: Bmina.

Nje nilianza kumweleza kuhusu ile programu, jinsi inavyotambua mistari. Akanikata.

"Msichana wangu, mimi sijui programu. Mimi nilikupa kitabu kilichokuwa sawa."

"Nitarekebisha. Wiki moja. Nakuletea kila ukurasa usome."

"Januari," akasema. "Mapema. Tafadhali."

Hiyo tafadhali ndiyo mbaya kuliko yote.

Januari ile ya baada ya uchaguzi mnaijua. Barabara zilifungwa, watu hawakutoka Mau Narok kuja Nakuru wala Nakuru kwenda popote, duka lilikaa na mlango wa chuma chini wiki kadhaa, na wimbo ulikuwa jambo la mwisho mtu angeuliza. Simu zilipopatikana nilimpigia, akasema wako hai wote wanane, na magitaa sita. Sikuuliza mawili yako wapi. Hasira ya mwezi ule ni kubwa kuliko mimi na sitaigusa hapa. Ninachosema ni hiki: ule mwezi ulichukua macho yaliyokuwa yamebaki. Matone hayakupatikana. Lakini Oktoba ilikuwa na barabara, na Novemba alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mimi, kwa hiyo msinisaidie kuusingizia Januari.

Duka lilipofunguliwa niliwasha kompyuta, na ile programu ya kitufe cha buluu ikaniambia muda wake umekwisha, niingize namba. Rafiki yangu wa diski hakuwa na namba. Faili zote arobaini na nane zilikuwa pale na hakuna mlango.

"Karatasi haina password," Bwana Kirpal alisema. Kisha akaona uso wangu, akaniwekea chai yake mbele yangu.

Mwisho wa Februari Mwalimu alikuja, Mama Kevo amemshika mkono kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshachapa upya nyimbo kumi kutoka kwenye kaunta buku, kwa ile ya saba, programu ya barua, herufi za upana sawa na kidole kwenye kitufe cha nafasi. Nilizichapa kwa herufi kubwa kama za bango la duka. Nikampa. Akazisogeza puani, akazigeuza kwenye dirisha, akazipeleka upande wa jicho la kushoto.

"Naona kuna weusi," akasema. "Ni mistari?"

"Ni mistari, Mwalimu."

"Basi nisomee."

Tulifanya hivyo siku tisa, alikuwa amefikia kwa mpwa wake pale mjini. Ndiyo njia ninayowaachia, na haihitaji kununua chochote. Mimi nasoma silabi moja moja, na kabla ya silabi yenye chord nataja chord. Yeye ana gitaa mapajani. Anapiga ninachokisoma, si anachokijua. Hilo lilimpa shida, vidole vyake vilitaka kwenda kwenye ukweli hata nikisoma uongo, kwa hiyo tulikubaliana Mama Kevo ndiye apige, kwa sababu Mama Kevo hupiga kilichoandikwa hata kikiwa upuuzi.

"Ba, D. Ba."

"Simama. D iko wapi?"

"Ba ya... pili."

"Irudishe nyumbani."

Naisogeza nafasi mbili kushoto. Tunaanza tena. Mama Kevo akichoka anachomekea, "Bmina," na Mwalimu anamwambia nyamaza, na siku ya nne au ya tano yeye mwenyewe alicheka, kicheko kirefu hadi akaomba maji. Wao walicheka. Mimi niliinama kwenye kibodi. Sikutaka kusamehewa kwa mzaha. Nilitaka anigombeze, anifukuze, aseme mbele ya Bwana Kirpal kwamba nilikaa wiki tatu na jedwali. Hakusema kamwe. Mtu akikosewa asipokugombeza, unabaki na kazi hiyo uifanye mwenyewe, na mimi, kama mnavyoona, sijamaliza.

Kwa hiyo programu gani? Iliyo mbele yenu. Ikiwa lazima mchague, chukueni wimbo mmoja wa Kiswahili wenye Emanueli na Amina ndani, mhamishe key, mchape, msome kutoka chini. Dakika kumi. Ikigusa maneno, itupeni hata ikiwa na vitufe vya dhahabu. Angalieni pia kama itawapa wimbo wenu kwenye faili la kawaida ambalo mashine nyingine italifungua. Kisha toeni ukurasa wa kwanza siku hiyo hiyo, mbaya mbaya hivyo, mumpe mwenyewe aushike. Mteja akisema neno la gitaa msilolielewa, pigeni simu tena, mwonekane wajinga. Ujinga wa dakika moja kwenye simu ni afadhali.

Na mwenye digrii mwenzangu akianza kuwaambia kwamba anahitaji muda kidogo zaidi alinganishe, muulizeni muda huo ni wa nani.

Kitabu kilikamilika wiki moja kabla ya Pasaka. Nilikuwa nimekisoma mara kumi na moja. Nakala ya kwanza nilimpelekea Mwalimu kwa mpwa wake, alikuwa ameketi mlangoni juani, gitaa limeegemea ukuta. Akakipokea kwa mikono miwili, akapitisha kiganja kwenye waya, akafungua, akapitisha vidole juu ya karatasi kama mtu anayetafuta chord gizani. Karatasi ilikuwa laini. Hakukuwa na kitu cha kuhisi.

"Ukurasa wa mwisho, chini kabisa," akasema. "Pameandikwa nini?"

"Amina, Amina."

"Ni A?"

"Ni A, Mwalimu."

"Umeangalia?"

"Mara kumi na moja. Kitabu chote."

Akanirudishia kitabu.

"Hizo kumi na moja zilikuwa zako. Mimi nilitaka mara moja tu. Sasa nisomee hiyo yangu."

Nikavuta stuli karibu na yeye. Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikaanza chini.